Tajiri wa Mdalasini na Waliomwita Mumiani

Mwezi uliopita nilirudi Bigwa, kule Morogoro, kumzika mtu ambaye utotoni tulimwita Tajiri, nikaondoka msibani kabla ya pilau. Wewe unayenijua unajua mimi si mtu wa kuacha pilau. Lakini jirani yetu wa zamani, yule mwenye mashine ya kusaga, alishika kipaza sauti, akajifuta macho kwa leso, akasema, "Marehemu alikuwa baba wa watoto wetu wote. Alichowafanyia madaktari wanaotafiti maradhi ya damu, Morogoro haitasahau." Watu wakaitikia kwa huzuni. Mimi nikainuka, nikavaa viatu vyangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tajiri alikuwa mnunuzi wa viungo. Akina mama walishuka milimani asubuhi na vikapu vya mdalasini, iliki na pilipili manga, wakiitana kwa Kiluguru, sauti zinapanda na kushuka kama njia walizopita. Ghala lake lilipakana na ua wetu. Mdalasini ulianikwa juani kwenye majamvi, na sisi watoto tulikuwa na kazi ya kufukuza kuku. Ujira wetu ulikuwa vile vipande vilivyovunjika. Tulivitafuna mpaka ulimi ukawaka. Bibi, aliyetulea mimi na mdogo wangu, alivitia kwenye chai ya rangi, tukainywa kwa magimbi ya kuchemsha huku malori ya Tajiri yakinguruma kuelekea Dar. Mvua ilianza kule juu mlimani, ukaisikia inakuja juu ya mabati, nyumba kwa nyumba, na mtaa mzima ukakimbilia kukunja majamvi ya Tajiri kana kwamba mali ni yetu sote. Ndivyo tulivyoishi. Nasema hivyo ili ujue kwamba waliokuja kumfanyia yale nitakayokusimulia hawakuwa wageni.

Binti yake wa pekee alikuwa rafiki yangu. Alicheka kuliko sisi wote, lakini baridi ya mlimani ikishuka alilia mifupa. Bibi alimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, naye Tajiri akisimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mzima asiyejua pa kujiweka. Mtaani walinong'ona kwamba amemtoa mwanawe kafara ili malori yaongezeke. Binti alifariki masika moja, tukiwa darasa la nne.

Baada ya maziko Tajiri hakufungua ghala tena kwa biashara. Alikwenda Dar, akatafuta madaktari mpaka wakamwambia jina la kilichomuua binti yake: selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Akarudi, akauza malori, akapaka ghala chokaa, akanunua jokofu, akawaleta watafiti. Walitaka kupima damu za watoto wa huku, wajue wangapi wanao, na wawape dawa walio nao.

Bibi aliwauliza madaktari damu inakwenda wapi, akaridhika, akawa wa kwanza kupeleka wajukuu. Jirani wa mashine alimsimamisha njiani.

"Mama, wajukuu unawapeleka wakanyonywe damu?"

"Wangekuwa wanyonyaji wangekuja na ndoo," Bibi akamjibu, "si na kichupa kama kidole changu."

Mimi sikukutwa na kitu. Mdogo wangu alikutwa nao. Kumbe ule uchovu wake, macho yake ya manjano, ile mikono iliyovimba alipokuwa mchanga, vyote vilikuwa na jina. Akaanza dawa. Akaanza kukimbia. Kwa mara ya kwanza alinishinda kufika bombani, nikakasirika, Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini pale mashineni, watu wakisubiri unga wao, maneno yalisagwa kila siku. Tajiri ni mumiani. Damu inauzwa. Malori yamegeuka mabomba ya sindano. Jumamosi moja asubuhi waliondoka mashineni kwa kundi, jirani yetu mbele, mikono bado myeupe kwa unga. Walivunja mlango wa ghala. Walitoa jokofu nje wakalipiga mitaimbo. Vichupa vikapasuka pale pale tulipokuwa tukianika mdalasini. Nilikuwa nimeshika gauni la Bibi, naona.

Tajiri alitoka bila viatu. Jiwe lilimpata juu ya jicho. Hakukimbia. Aliuliza tu, "Jamani, nimemla nani? Mwanangu mmemzika wenyewe. Ni mimi na mama yake tuliompa maradhi yale, bila kujua. Nataka nyinyi mjue!"

"Mumiani!" jirani akapaza sauti, na wengine wakaidaka.

Madaktari wakaondoka siku ile ile. Dawa zikaondoka nao. Bibi alihangaika, akauza mbuzi, akaenda Dar mara kadhaa, halafu nguvu na nauli vikamwishia. Masika yaliyofuata yalikuwa ya baridi kali. Mdogo wangu alikufa kwenye mapaja ya Bibi, mdomo wazi, akitafuta hewa.

Siku ya msiba Tajiri alikuja, akasimama nje ya uzio na kovu lake, akiogopa kuingia. Bibi alimwona, akaenda, akamshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka wa ndugu wa karibu. Muda si mrefu Tajiri akahamia Dar, na kila alichobaki nacho, hata nyumba, kikaingia katika utafiti ule. Leo watoto wa Morogoro wanapata vidonge vile mjini. Mjukuu wa jirani wa mashine anavimeza kila asubuhi. Nimemwona: ana afya, anacheza mpira.

Basi nilipoondoka msibani nilimkuta jirani ananawa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona hukuwaambia watu ni nani aliyemwita mumiani?"

Aliangalia maji yanavyodondoka. "Ujinga wa zamani, mwanangu. Sote hatukujua. Yameshapita. Hata marehemu alitusamehe."

"Bibi yangu hakujua pia. Lakini aliuliza."

Alijifuta mikono, akarudi kwenye turubai kupokea pole.

Nilipita palipokuwa ghala. Sasa ni duka la vigae, mbele yake bodaboda wamejipanga kusubiri abiria. Akina mama wa mlimani siku hizi wanapandisha mizigo yao kwenye pikipiki na kupita bila kusimama. Vijana niliowauliza hawakujua kwamba pale kuliwahi kuwa na madaktari. Ule mtaa uliokimbilia majamvi ya Tajiri haupo tena, na ulikufa kwa mikono ya wenyewe, kabla ya vigae na pikipiki.

Wanasema Tajiri alisamehe. Nakubali, jiwe lilikuwa lake, kovu lilikuwa lake. Lakini mdogo wangu hajaombwa msamaha na mtu yeyote.