Siku Dada Alipomeza Uyoga Hospitalini

Saratani ya titi ilimwacha dada yangu mzima, lakini iliondoka na kicheko chake. Huyu ni mtu ambaye, tulipokuwa watoto Dodoma, alichapwa kwa kuiga mwendo wa mchungaji mbele ya mchungaji mwenyewe. Sasa nilikuwa namkuta kwenye nyumba yao ya Germantown, huku Marekani, bado amevaa sare ya kazi yake ya kuhudumia wazee, amekaa anatazama televisheni iliyozimwa.

"Unaangalia nini?" nilimuuliza siku moja.

"Taarifa ya habari."

Nikacheka. Kisha nikayaona macho yake.

Daktari aliiita hali hiyo sonona. Dada akapewa vidonge, vikabadilishwa, vikabadilishwa tena; vilimtia usingizi na kumnenepesha, basi. Miaka ikaenda hivyo, mpaka mshauri wake wa kisaikolojia akamwambia kuna hospitali inayofanya utafiti. Watu waliopita kwenye saratani na kubaki na huzuni isiyoisha walikuwa wanapewa dawa yenye kiini cha uyoga fulani, ule unaomfanya mtu aone maono, huku wataalamu wakikaa naye na kuzungumza naye kabla na baada.

Alitutangazia habari hizo mezani, Jumapili baada ya ibada. Mumewe ni Mkenya wa Nakuru, mzee wa kanisa, mtu ambaye foleni za barabara kuu zilikuwa zimemfundisha uvumilivu. Siku hiyo ulimwishia.

"Si hiyo ni bangi ya Wazungu?"

"Bangi inavutwa. Hii inamezwa."

"Ati inamezwa! Hata sumu ya panya inamezwa!"

Binti yao, ambaye alikuwa amekatazwa kwenda kwenye sherehe ya mwanafunzi mwenzake asije akawekewa kitu kwenye juisi, alisema kwa Kiingereza kwamba angependa mama yake arudie maneno yale, polepole.

Dada hakumjibu. Alimgeukia mumewe. "Baba watoto, nimechoka. Huo uyoga ukinitia wazimu, angalau nitakuwa mwendawazimu mwenye kelele."

Shemeji akaliweka tonge la ugali chini. Akauliza, "Sasa nani atakupeleka?"

Wote wakanitazama mimi.

Kule hospitali, kwanza zilikuwa siku za mazungumzo tu. Walimpa wataalamu wawili: mama mmoja mpole mwenye mvi, na bwana mmoja mwenye ndevu zilizofika kifuani. Walitaka kujua maisha yake yote. Ndipo akawaambia jambo ambalo hata sisi nyumbani tulikuwa tunalizunguka. Mama yetu alifariki wakati dada anasubiri karatasi zake za uhamiaji. Angetoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi. Alisikiliza maziko kwa simu iliyoshikwa juu na mjomba, na kadi ya simu ikaisha katikati ya wimbo.

Asubuhi ya dawa nilimchukua mapema. Tulipokuwa njiani akaniuliza, "Nikivua nguo je?"

"Nitakuvalisha."

"Nikiimba?"

"Hapo nitakuacha hukohuko."

Niliiona pembe ya mdomo wake ikicheza.

Mchana, nikiwa nimekaa chumba cha kusubiri cha hospitali na gazeti nililokwisha kulisoma lote, yule mama mwenye mvi akaja. Alisema dada yuko salama, ila amekuwa akiongea Kiswahili kitupu kwa muda mrefu, nao wanaogopa labda kuna kitu anahitaji. Ningeweza kuingia kidogo?

Chumba kilikuwa kama sebule ya mtu: zulia, kochi, taa ya mezani. Dada alilala kwenye kochi, kitambaa machoni, hedifoni masikioni, analia na kucheka kwa pamoja. Nikamshika mkono, akasogeza hedifoni pembeni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mwambie huyu bwana akusanye ndevu zake, mama anataka kupita."

Yule bwana akaniangalia kwa heshima kubwa. "Amesema nini?"

"Anawashukuru kwa uvumilivu wenu."

"Na huu muziki," dada akaendelea, "kwani nani amekufa?"

"Anasema muziki unamgusa."

Bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Dada akanivuta karibu. "Mama yuko hapa. Ananigombeza."

"Kwa nini?"

"Anasema miaka yote hii namlilia, hata wageni wake hawezi kuwasikia. Na anasema kule mazikoni pilau liliungua, sikukosa kitu."

Hilo sikulitafsiri. Yule mama mwenye mvi alinipa kitambaa cha karatasi, akanisindikiza nje.

Jioni dada alitoka amevimba macho, akaomba chipsi. Ndani ya gari aliniambia haikuwa kicheko tupu. Kulikuwa na kipindi cha giza zito, akadhani amekufa, na yule mwenye ndevu alimshika mkono mpaka likapita. "Mtu mzuri yule," alisema. "Ila zile ndevu!"

Kanisani, kwenye maombi ya siku hiyohiyo, kumbe shemeji alikuwa ameulizwa mkewe yuko wapi. Hajui kudanganya, maskini. Alisema yuko semina. Semina ya nini? Ya kilimo. Kilimo cha nini? Jasho likamtoka. "Cha uyoga." Wiki iliyofuata akina mama wa kanisa kutoka mtaa wa Riverdale Park walifika nyumbani na masufuria na maswali: je, uyoga unahitaji samadi? Dada aliwasikiliza, akamtazama mumewe, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanunua mifuko ya mbegu za uyoga wa kawaida, akawafundisha wote kwenye gereji ya nyumbani, yeye mwenyewe akijifunza nao.

Huzuni haikufutika kabisa. Ilirudi baridi ilipoanza, na aliendelea kwenda kwa mshauri wake. Lakini alikuwa anaamka, anapika, anagombana na binti yake kama mama mwenye afya.

Shemeji alinikuta nikiosha vyombo siku moja, akatazama pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama pale hospitali wanapokea pia watu wasioumwa.

"Hawachukui wazee wa kanisa!" dada alipaza sauti kutoka sebuleni. "Wanaogopa watahubiri!"