Chungwa la Kushukia Tramu

Enzi zetu pale Morogoro, Jumapili baada ya pilau, sebule yetu iligeuka tramu. Baba alisoma Romania ujanani, akarudi na koti zito lisilo na kazi kwenye joto lile, pamoja na sentensi chache za kusafiria. Alipanga viti kimoja nyuma ya kingine, sisi watoto wanne tukapanda, na Mama akasimama mbele na bakuli la machungwa yaliyomenywa. Harufu yake, na ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, ninayo puani mpaka leo.

Baba alituambia kuwa kule Bukaresti tramu, ile treni ya barabarani, ikijaa husukumi mtu. Unamuuliza aliye mbele yako, “Coborâți la prima?” yaani, unashuka kituo kinachofuata? Akisema “Da”, unamfuata mlangoni. Akisema “Nu, mai merg”, bado anaendelea, basi anakupisha. Asiyeuliza hashuki, na asiyeshuka hali chungwa. Wenzangu waliuliza, wakala. Mimi kitinda mimba, mkaidi wa nyumba, niligoma. Nilisema Morogoro hakuna tramu. Baba hakunigombeza.

“Neno halili wala halinywi, Neema,” alisema. “Liweke tu.”

Sikuliweka. Chungwa langu alikula kaka, Jumapili baada ya Jumapili.

Mama alipofariki nilimleta Baba huku Marekani, Brooklyn Center. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Yalianza majina ya wajukuu, likafuata langu. Alichangamka tu ndani ya basi la kwenda Minneapolis, akiongea Kiromania na dirisha. Nikaanza kujifunza kwenye simu, saa za mapumziko kazini, nikinong'ona na sare yangu ya uuguzi mwilini. Wenzangu walidhani nasali. Nilitaka jambo moja tu, Baba anisikie na ajue kuwa ni mimi, na kwamba lile neno hatimaye nimeliweka.

Siku moja basi lilijaa, theluji inayeyuka viatuni mwa watu. Nilisimama nyuma yake nikamuuliza, “Coborâți la prima?”

Aligeuka, uso umechangamka kama wa Jumapili zile. “Nu, mai merg,” akajibu, akanipisha kwa adabu zote. Kisha akaniita doamnă, kama wanavyomwita kule mwanamke wasiyemjua, akaendelea kwa Kiromania, polepole, nami nikaelewa kila neno.

“Unasema vizuri sana. Mimi nina binti nyumbani, Neema. Huyo nimemshindwa.”

Nilimwambia atajifunza tu. Alitikisa kichwa, akarudi dirishani. Nilishika koti lake kwa nyuma hadi kituo chetu, na machozi nikayafuta kwa skafu.

Baba ametutoka. Vijana wa sasa simu inawaambia wapande wapi na washukie wapi, masikio wameyaziba, mlangoni wanapenya bila kumwona mtu. Juzi nilimwomba mwanangu ajifunze sentensi ile moja ya babu yake. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba hapa hakuna anayesema Kiromania.

Sikumgombeza. Nilimenya chungwa nikamwekea mezani. Jioni nilipopita lilikuwa bado pale, limeanza kukauka. Enzi zetu lisingemaliza dakika.