Kikao cha Kuwasha Moto Juu ya Mlola

Kwa miaka miwili ya masomo ya jioni pale Tanga niliwaambia wenzangu kwamba mimi ni mtoto wa mlimani. Hisabati ikinishinda, nasema akili za Usambara hufanya kazi kwenye baridi. Joto la darasani likizidi, nasema kwetu maji ya kunywa hukatwa kwa panga. Waliamini. Basi tulipopata vyeti vya kidato cha nne, wawili kati yao, mama mmoja fundi cherehani na mzee mlinzi wa ghala, wakasema, "Tupeleke kwenu."

Sikuwaambia kwamba nilihamishwa kutoka huko nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Mjomba alituazima kibanda chake cha mbao juu ya Mlola, kule Usambara, pale barabara inapoisha na mapafu yanaanza kuomba ruhusa ya kurudi. Tulifika Ijumaa alasiri. Ukungu uliingia pamoja nasi, ukawahi kiti kizuri.

"Haya, mtoto wa mlimani," mlinzi akasema, meno yakigongana, "washa moto tule."

Kuni zilikuwepo, kiberiti kilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu anayejua. Nilipanga magogo manene, nikamaliza nusu ya kiberiti, gogo halikutoa hata jasho. Ningekiri hapo, yangekwisha. Lakini ningewatazamaje tena? Nikapendekeza tufanye kikao.

Hakuna aliyepinga. Sisi wasomi wa jioni jambo lisilo na mwenyekiti kwetu halipo. Nikavuta gunia lililokuwa pembeni, nikalikalia, nikawa mwenyekiti. Fundi cherehani akawa katibu. Mlinzi akawa wajumbe wote waliobaki. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, moto. Ya tatu, mengineyo. Kwenye kufungua nilihutubia mpaka maharage yakakaribia kuota ndani ya sufuria.

"Mwenyekiti," katibu akasema, "ajenda ya pili."

"Tuunde kamati ndogo."

"Ya nani? Tuko watatu!"

Hodi ikabishwa. Alikuwa bibi jirani, aliyekuja kuona kwa nini wageni wapo na moshi haupo. Tukasimama wote kumpa shikamoo. Aliitikia, kisha akanigeukia mimi, mpwa wa jirani yake, akanisemesha Kishambaa kirefu. Nikacheka kwa heshima.

Akatazama magogo yangu, akatazama gunia.

"Mwanangu, magunzi ya kuwashia umeyakalia."

Akayatoa yale magunzi ya mahindi, akayapanga, akachoma kijiti kimoja cha kiberiti, akapuliza mara mbili. Katibu hajamaliza kuandika "bibi aliingia", moto ukawa unanguruma.

"Umekulia wapi wewe?"

"Tanga mjini, bibi," nikasema. "Tunapikia gesi."

Fundi cherehani alicheka mpaka akashika ukuta. "Na sisi tukakuamini miaka miwili!" Mlinzi hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyekuta ghala tupu, na hilo ndilo liliniuma.

Bibi aliagiza nifike kwake alfajiri. Jumamosi nzima nilipiga magoti jikoni kwake nikipuliza, machozi yakinitoka ya kujaza bwawa, naye akinisahihisha: vijiti kwanza, usibane hewa, usihutubie moto.

Jumapili asubuhi niliwasha mwenyewe, sufuria ya chai ikachemka. Mlinzi akaviweka viganja kwenye joto kwa muda mrefu kuliko hotuba yangu.

"Huyu ni mtoto wa mlimani kweli," akamwambia fundi cherehani. "Tangu jana."

Nilimmiminia chai.