Kizimba cha Hamisi

Hebu niambie wewe, mtoto wako anatambaa wapi? Au umemtumbukiza kwenye kile kigari cha magurudumu ulichokinunua Ukunda, ukajiona very modern? Basi sikiliza.

Nilipokuwa mtoto pale Msambweni, bendera ya uhuru ikiwa bado haijapauka, mgongo wangu ndio uliokuwa kitanda cha mdogo wangu Hamisi. Mama alikuwa shambani, baba dobi katika hoteli moja Diani. Mimi, msichana wa miaka minane, niliwasikia wenzangu wakiimba a-e-i-o-u ng'ambo ya ua wa shule, huku mkojo wa Hamisi ukinitiririka kiunoni.

Siku moja baba akaja na kizimba cha mbao, cha watoto wa wageni kuchezea ndani, ambacho hoteli ilikuwa imekitupa. Hamisi akatiwa ndani. Nyanya, magoti yake mabovu, akabaki kumtazama, nami nikapelekwa shule. Freedom, rafiki yangu!

Nyanya hakukipenda. "Mtoto hajaujua mchanga wa kwao, mwamtia tunduni kama kuku? Miguu yake itafungwa, shauri yenu."

"Mama, Wazungu wote wawalea hivi," baba akasema.

"Na mbona wamekitupa?"

Mwaka ukapita. Hamisi alinona mashavu, akapigapiga mbao zake, lakini ukimtoa alikaa pale pale kama mtungi. Wa rika lake walishaanza kufukuza kuku. Mama akawa analia kichinichini. Nyanya akasema dawa ni moja: afukiwe hadi kiunoni katika mchanga wa pwani uliopata jua, asubuhi saba, na ndugu aliyembeba amwite.

Aliyembeba ni mimi.

"Na shule, Nyanya?"

"Shule haina miguu. Itakungoja."

Nilimshindilia mchanga kwa mikono yangu mwenyewe. Akanyoosha mikono, akalia, nami nimeketi mbele yake na kipande cha muhogo, namwita na huku namchukia. Hamisi, njoo. Hamisi, njoo. Kusema kweli sikujua ni nani aliyefukiwa. Siku ya sita, tulipomfukua, akajitupa kifudifudi, akatambaa mpaka kwenye muhogo. Nyanya akapiga vigelegele.

Jioni ile mama alikipasua kizimba kuwa kuni. Nyanya hangeweza kumkimbiza mtoto atambaaye; kesho yake Hamisi alikuwa mgongoni mwangu tena. Nilirudi shule baada ya miaka miwili, magoti hayaingii chini ya dawati.

Leo digrii yangu ya ualimu imelala sandukuni, na barua za we regret zatosha kuwashia jiko. Nimewaza sana. Kile kilichomkalisha Hamisi, Nyanya alikiita kifungo. Mimi, msomi, nakiita kukosa pahali pa kutambaa. Twasema jambo moja. Alipokosea ni kwenye shule: haikuningoja.

Basi nyinyi wakubwa mnaokata utepe kila uchao, Diani mpaka Msambweni: jengeni banda kando ya kila shule, mchanga safi chini, mtu mzima wa kuwaangalia wachanga, dada zao waingie darasani. Na msiniambie hamna mtu wa kuliendesha. I am available. Kesho asubuhi.