Dhapu Anamnywesha Thakur Maji

Dhapu Bai hasahau kitu, na mimi ninayekaa nyumba ya pili kutoka kwake nampendea hilohilo. Sisi mafundi ngozi tunakaa ng'ambo ya kijito, chini ya kijiji cha Pipraundi. Juu kule wanakaa kina Thakur, watu wa tabaka la juu, wenye mashamba, gari la jipu na kiburi. Basi halifiki kwetu wala kwao. Mvua zikianza, njia nzima inakuwa uji mpaka kwenye barabara kuu.

Kanhaiya, mwana wa Dhapu, aliumwa na nyoka akipalilia soya ya Thakur Jujhar Singh. Dhapu akaenda kupiga magoti mbele ya gari lake, akiomba mwanawe apelekwe hospitali. Thakur akamwambia viti vyake vitanajisika vikiguswa na mafundi ngozi. Tukambeba kijana kwenye kitanda cha kamba, tukizama matopeni, akakata roho kabla hatujaiona lami. Toka hapo Dhapu hakumtaja Thakur kwa jina. Alisema "yule", kisha akatema mate.

Ikaja sensa. Thakur, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, alimpa karani chai ya maziwa na kumwambia kwamba kitongoji chetu si sehemu ya Pipraundi. Hakutaka tugawane naye visima vya serikali. Karani akatuandika kivyetu. Mpumbavu Thakur yule! Serikali ilipotangaza lami kwa kila kijiji chenye watu wa kutosha, Pipraundi bila sisi haikutosha. Sisi peke yetu ndio kabisa hatukutosha.

Ndipo akaja mhandisi wa barabara. Alisema tukikubali mbele yake kwamba sisi na wale wa juu ni kijiji kimoja, hesabu itaunganishwa na lami italetwa. Tulimwachia Dhapu atusemee, na siku hiyo Thakur na wanawe wakavuka kijito mpaka mlangoni kwake. Mimi niliitaka lami hiyo, sifichi. Binti yangu Rajjo alikuwa mjamzito, na angejifungua wakati wa mvua.

"Dada Dhapu," Thakur akaanza, sauti imejaa asali.

"He! Leo nina kaka!"

Watu wakaangua kicheko.

"Usinitanie, dada. Mwambie tu bwana mkubwa sisi ni kijiji kimoja. Lami itapita hapahapa mlangoni kwako."

"Kijiji kimoja? Watu wa kijiji kimoja si wanakunywa maji pamoja?" Akachota maji kwenye mtungi wake, akamnyooshea kikombe. "Karibu maji, kaka."

Hakuna mtu wa ukoo wa Thakur aliyewahi kugusa maji yetu. Alikitazama kikombe, akamtazama mhandisi. Wana wa Thakur wakageuza nyuso. Akafumba macho, akanywa, koo likipanda na kushuka kama la mtu anayemeza dawa chungu. Moyo wangu ulipoa, na ningeweza kumtazama hivyo mpaka jioni.

"Haya, shangazi, sema sasa," nikamnong'oneza Dhapu.

Akamgeukia mhandisi. "Bwana, huyu mzee ni jirani tu. Kijiji chake ni kingine. Alimwambia karani kwa kinywa chake, na mtu mzima mwenye masharubu kama yale hawezi kusema uongo."

"Mama, fikiri vizuri," mhandisi akasema. "Ukikataa, na ninyi hampati lami."

"Najua. Sisi matope tumeyazoea. Yeye bado."

"Mwanamke mwenye laana!" Thakur akafoka. "Si nimekunywa?"

"Umekunywa. Nimekuona, na wanao wamekuona, na kesho ukoo wako wote utajua. Nenda ukaoge, kaka. Halafu ukaone kama kuna atakayekula na wewe."

Thakur akaondoka bila kuaga, wanawe wakimfuata kwa mbali. Mhandisi akafunga mkoba wake. Mimi nikawaza mvua, nikageuka kumtafuta binti yangu. Rajjo alikuwa ameegemea ukuta, mikono miwili tumboni, anacheka mpaka machozi yanamtoka.