Jimi na Malkia Walipohamia kwa Semeni

Hata leo, mwanangu, nikifumba macho naiona ile asubuhi bavyaa aliporudi kutoka Changamwe akivutwa na mbwa wawili, kila mmoja na kamba yake, na kifuani kwa kanzu yake nyeupe nyayo za matope zimejipanga kama mihuri ya posta. Bavyaa ni baba wa mume wangu, Mzee Salim, Mungu amrehemu. Nyumba ni hii hii ya Shika Adabu ninayokaa mpaka sasa, ingawa wakati ule ilikuwa ya makuti na shamba letu lilifika mbali. Mimi nalikuwa bi harusi, nimeletwa kutoka kwetu Mtongwe, hina miguuni haijafutika vizuri.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu Rukia, anayekaa Kisauni, amechukua mbwa wawili wa jirani aliyehamia bara, na nyumbani anao mbwa wake watatu wa zamani. Sasa ni vita asubuhi na jioni, na mumewe amechoka. Juzi kanipigia simu, sauti imejaa kilio: "Bibi, hawa wapya nimewapenda kuliko wote, mbona hawakai?" Nikamwambia, mama, jawabu umelitaja mwenyewe. Basi na wewe mwanangu, kama umepokea mbwa aliyelelewa kwingine, kaa nikusimulie.

Mbwa wetu walikuwa watatu: Semeni, Sijali na Taabu. Majina aliwapa mavyaa, mama wa mume wangu, Bi Mwanakombo, na kila jina lilikuwa na mwenyewe. Alfajiri akisimama uani akiita, "Sijali! We Sijali!" basi Bi Mwanasha jirani yetu, ambaye walikuwa wamekosana juu ya mpaka wa shamba, alijua salamu zake zimefika. Semeni ndiye aliyekuwa mkubwa. Jike la rangi ya majivu, mzito, hapendi kelele. Akiinuka, wenzake wanainuka. Akilala, wanalala.

Sisi mbwa haingii nyumbani, wajua. Analinda shamba, analala uani upande wa nje, chombo chake mbali na vyombo vyetu, na akikugusa kwa mate unajitwaharisha kwa maji na mchanga kama tulivyofundishwa. Lakini haki yake ya chakula na maji hatukuichezea. Na tulikuwa na haja nao kweli kweli, maana tumbili wa pale hawakuwa na haya. Mahindi yalikuwa yamebeba, yamebakisha kidogo kukauka, na ndiyo chakula chetu cha mwaka.

Wale wawili wa Changamwe walikuwa mbwa wa Bwana Mutua. Mutua alikuwa mtu wa reli, rafiki wa bavyaa tangu ujanani, na sasa amestaafu anarudi kwao Ukambani kukaa na mwanawe, na huko nafasi ya mbwa hakuna. Akamwomba bavyaa awachukue. Dume ni Jimi, mwekundu, mrefu, masikio yamesimama. Jike ni Malkia, mdogo, mpole. Walilelewa na watoto wa Mutua ndani ya nyumba, wanalala chini ya meza, mtu akiketi wanamwekea kichwa mapajani. Huko kwao ni mapenzi. Kwetu, kila Jimi alipomrukia mtu, mtu huyo alikwenda kisimani kuanza upya.

Bavyaa alisimama mlangoni akatangaza: "Hawa ni amana ya rafiki yangu. Ni wageni wetu. Asitokee mtu wa kuwaudhi."

Na mgeni kwetu, mwanangu, si jambo la mchezo. Mgeni hula mwanzo. Mgeni hukaa pazuri. Mgeni akikosea, anayekaripiwa ni mwenyeji. Ndivyo tulivyolelewa wote, basi ndivyo Jimi na Malkia walivyotendewa. Bavyaa akawafunga karibu na baraza, mahali Semeni alipokuwa akilala, akampeleka Semeni kule nyuma ya banda la kuni. Jioni ikija, vichwa vya samaki vinakwenda kwa Jimi kwanza, sima ya moto moto, halafu wale wa nyumbani wanapata kilichobaki. Semeni akinguruma, anatupiwa kiatu. "Huna adabu! Mbele ya mgeni?"

Jimi naye akaanza kuamini kwamba ile nyumba ni yake.

Mavyaa hakuwapo. Alikuwa Mtongwe kwa binti yake Fatuma aliyejifungua, amekwenda kumlea mzazi mpaka atimize arobaini. Nyumbani tulikuwa bavyaa, mume wangu Bakari, wifi yangu Mejuma, na mimi. Na mimi ni kama sikuwapo. Siruhusiwi kushika mwiko wala ndoo. Nikiinuka, Mejuma ananirudisha mkekani: "Kaa, bi harusi, kaa! Wewe na Jimi mmekuja msimu mmoja, kuleni raha zenu." Alikuwa anatania, na Mejuma hakuwa na ubaya, lakini nilikuwa nachoka na raha hiyo. Nyumbani kwetu nalikuwa nakuna nazi, napika, nacheka na ndugu zangu. Hapa nakaa nikiangalia mikono yangu.

Vita vilianza vidogo, kunguruma na kuoneshana meno. Halafu siku moja Jimi alikata kamba akaenda kula kwenye chombo cha Semeni, na Semeni akasema imetosha. Walishikana palepale uani, Sijali na Taabu wakaingia, Malkia akajificha chini ya mkokoteni analia. Bakari aliwamwagia maji ya pipa zima. Walipoachana, sikio la Semeni limepasuka na Jimi anachechemea. Na wakati sisi sote tuko uani na fimbo na ndoo, tumbili wameingia shambani bila hata kuharakisha. Tulipofika, mistari ya mwanzo yote imelala chini, magunzi yametapakaa.

Bakari alisimama pale na gunzi mkononi. "Baba, tuna mbwa watano na hatuna mlinzi hata mmoja. Malkia akae, hana neno. Jimi, Ijumaa nikitoka msikitini namvusha feri, namwacha huko mjini."

Kila mtu alijua mbwa asiye na mwenyewe mjini hukutana na nini: magari, mawe, sumu. Na kila mtu alijua neno amana lina uzito gani kwa Mzee Salim. Usiku ule chakula chake hakikupungua kwenye sahani. Nilimwona, mzee wa watu, akitazama njia kama anayemwona Mutua akija kuuliza, "Salim, mbwa wangu hajambo?"

Siku ya pili yake mavyaa akarudi, arobaini imekwisha. Tukamwamkia, akavua buibui lake, akanywa maji, akakaa barazani. Alingoja wakati wa mbwa kula, akatazama bavyaa anavyobeba vichwa vya samaki kumpelekea Jimi, na Semeni na sikio lake lililochanika akitazama kutoka bandani.

"Baba Bakari," akaita.

"Naam."

"Huyu mwekundu ni nani?"

"Mgeni. Amana ya Mutua, nilikutumia habari."

"Ahaa. Anaondoka lini?"

Bavyaa akashika ndevu. "Anaondoka wapi, mke wangu? Amekuja kukaa."

"Basi si mgeni!" Sauti yake ilipanda mpaka Bi Mwanasha akachungulia ukutani. "Mgeni unampa kitanda chako kwa sababu utakirudia. Huyu umempa mahali pa Semeni milele, unataka Semeni akae kimya? Wallahi hata mimi ningekuuma."

Mejuma aliziba mdomo kwa kanga. Lakini mavyaa hakuwa amemaliza. Akageuka, akanitazama mimi pale mkekani nilipokaa kama mtungi.

"Na huyu mke wa Bakari, naye anaondoka lini?"

"La, mama, haondoki," akasema Mejuma.

"Basi nani amemkalisha hapa mpaka miguu ikamvimba? Kuanzia kesho ana zamu yake ya jiko. Mejuma leo, yeye kesho. Mwanangu, wasikia?"

"Abee, mama."

Wengine wangekasirika kutiwa katika hotuba moja na mbwa. Mimi, mwanangu, nilitaka kumbusu mikono. Usiku ule nililala nikipanga nitapika nini.

Jambo la mwanzo alilofanya mavyaa ni kumrudisha Semeni mahali pake karibu na baraza. Jimi na Malkia akawapa upande wa pili wa ua, penye kivuli, mbali kiasi cha kuonana bila kufikiana. Halafu akatwaa kijiti, akanyanyua gunia alilolalia Semeni, akalipeleka kwa Jimi, na la Jimi akalileta kwa Semeni. Bakari akauliza, "Mama, ndiyo dawa hiyo?" Akamjibu, "Wewe ulipooa, hukuulizia kwanza habari za watu wa Mtongwe? Na wao waulizane kwa pua."

Chakula akakipanga upya. Semeni kwanza, peke yake, mpaka alambe chombo. Halafu Sijali, halafu Taabu. Jimi na Malkia mwisho, kila mmoja na kifuu chake, wamepeana nafasi. Jimi alibweka, akaruka, akavuta kamba. Mavyaa akampa mgongo, akangoja. Alipotulia ndipo kifuu kikawekwa chini. Na Semeni akinguruma, hakutupiwa kiatu tena. "Mwacheni aseme. Ana haki ya kusema kwake."

Jua likipungua, tulitoka nao. Hakuwakutanisha uani, la. Uani ni kwa Semeni. Aliwakutanisha kwenye njia ya kwenda Timbwani, ambayo si ya mbwa yeyote. Bakari anamshika Semeni mbele, Mejuma na Malkia, mimi nimepewa Jimi nyuma kabisa, na mavyaa kando na fimbo yake asiyompiga nayo mtu. Kamba legevu, mwendo mmoja, hakuna kusimama kukodoleana macho. Watu walitoka milangoni. "Bi Mwanakombo, maandamano ya nini?" Naye anajibu, "Twawapeleka kusalimia wakwe!" Kila jioni tulikwenda. Mwanzo Jimi alinivuta bega likaniuma. Kadiri siku zilivyokwenda, kamba ikalegea mkononi mwangu, na ile nafasi kati yake na Semeni tukaipunguza taratibu, mpaka wakawa wanatembea karibu na Semeni hageuki.

Kurukia watu nako kukaisha. Mavyaa alikataza mtu kumsukuma wala kumpigia kelele, kwa sababu Jimi alidhani kelele ni mchezo. Akiruka, geuka uende zako. Akikaa chini, mwite jina lake kwa upole. Yule mbwa alikuwa na akili. Hakuchukua muda kujua kwamba katika nyumba hii mapenzi husemwa kwa mbali.

Ijumaa ya Bakari ilikuwa imeshapita, maana mavyaa alimwambia angoje nyingine, na ikija hiyo pia kama hapana mabadiliko, yeye mwenyewe atanunua kamba mpya. Asubuhi ya Ijumaa hiyo ya pili tumbili wakaja. Nalikuwa jikoni, ni zamu yangu, nikasikia Semeni ametoa mlio wake ule mfupi. Mavyaa akasema, "Mfungulieni Jimi." Bakari akasita. "Mfungulie!"

Jimi alitoka kama jiwe la kombeo, miguu yake mirefu, angeweza kumpita Semeni mara moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nikaona kwa macho yangu: alipomfikia, akapunguza mwendo. Akakaa nyuma ya bega lake. Semeni akakata kushoto, naye akakata kushoto. Sijali na Taabu wakazunguka upande wa minazi, Malkia nyuma anabweka kwa sauti yake nyembamba. Tumbili waliruka miti wakitutukana. Hata hindi moja hawakupata.

Mchana, wanaume waliporudi kutoka msikitini, Bakari alichukua kamba ukutani. Nadhani hakutaka, lakini alikuwa amesema mbele ya baba yake na alitaka kuona mwisho wa neno lake. Wale mbwa watano walikuwa wamelala karibu na baraza, kila mmoja na kivuli chake, Jimi ukingoni. Bakari akaita, "Jimi! Njoo!" Jimi akainua kichwa. Hakumtazama Bakari, alimtazama Semeni. Semeni akafungua jicho moja, akalifunga, akaendelea kulala. Na Jimi akarudisha kichwa chake chini.

Bakari alicheka peke yake, akaitundika kamba. Bavyaa alisema, "Alhamdulillahi," akaomba chakula, na siku hiyo alikula chakula changu mpaka akaomba kuongezewa.

Basi mwanangu, hiki ndicho ninachokuusia. Mbwa aliyetoka kwingine amepoteza watu wake, harufu zake na mahali pake pa kulala. Mwonee huruma, lakini huruma yako isiwe ya kumnyang'anya mwingine. Waheshimu kwanza wale uliokuwa nao tangu zamani; chakula kianze kwao, kulala kwao kusiguswe, mapenzi yao yasipungue kwa sababu amekuja mpya. Wape nafasi wanusane kwa mbali kabla ya kuonana kwa karibu. Wakutanishe njiani, usiwakutanishe mlangoni. Kila mmoja na chombo chake. Usimkaripie anayenguruma, maana anakuonya, na ukimzoesha kunyamaza ataanza kwa meno. Mpe mgeni huyo kazi na saa zake, leo kama jana, kesho kama leo, kwa sababu aliyehamishwa hutulia akijua kinachofuata. Na usihesabu siku. Yuko atakayetulia kwa wiki, yuko atakayechukua msimu mzima, na hakuna ubaya kwa yeyote kati yao.

Na kama aliyehamia kwako ni mtu, mke wa mwanao, mtoto wa ndugu yako, mzee aliyefiwa, usimweke mkekani umtazame. Mfungulie jiko.

Mwenyezi Mungu akupe ua wenye amani, mwanangu. Akujaalie mkono mtulivu na moyo usio na haraka, akuzidishie chakula cha kukutosha wewe na kila kilicho chini ya ulinzi wako, na wote wanaolala kwako walale wameshiba. Amin.