Tebo ya Kumi na Saba

Begi jekundu lilikuwa limekaa karibu na mlango tangu Jumatano, na Nuzhat alikuwa akilipita kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Mama mkwe wake, Bi Kaniz, ndiye aliyelipanga. Nguo nne za mtoto, sweta, mswaki, juzuu moja ya kusomea, na pakiti mbili za biskuti za njiani. Hakumficha mtu. Alilipanga sebuleni, mchana kweupe, akizitaja nguo moja moja, ili kila aliyemo katika nyumba ile ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hapo Nazimabad, Karachi, ajue kwamba jambo limekwisha, au limebakiza siku mbili kwisha.

Mwenye jambo alikuwa Mwalimu Muzammil, kaka mkubwa wa mume wake. Huyo alikuwa mwalimu mkuu kule Hyderabad kwa miaka thelathini na moja, na tangu baba yao afariki, Mungu amrehemu, neno lake ndilo neno la ukoo. Alipiga simu Jumanne.

"Nakuja Ijumaa," alisema. "Tutaswali, tutakula, halafu nitamuuliza Ariba maswali. Akijibu, abaki kwa mama yake. Asipojibu, Jumamosi asubuhi naondoka naye kwa basi. Atakaa kwangu na atakwenda shule kama watoto wa watu."

Sarfaraz, mume wa Nuzhat, aliitikia "sawa, kaka" mara tatu. Kisha akaweka simu chini akaanza kutafuta miwani yake, na miwani yenyewe alikuwa ameivaa.

Ariba alikuwa na miaka tisa, na kujua alikuwa anajua. Shida yake ilikuwa kuongea. Miaka miwili nyuma, darasani, alikwama katikati ya tebo ya saba ya kuzidisha, na mwalimu akamweka jogoo mbele ya wenzake: achuchumae, apitishe mikono chini ya mapaja, ashike masikio yake, akae hivyo mpaka kengele. Alikaa. Watoto walicheka, na mwalimu naye alicheka. Siku ile alirudi nyumbani akala wali wake wote, akalala, na tangu hapo hakutoa sauti mbele ya mtu asiyekuwa wa nyumbani. Shuleni walimwita bubu. Mama yake alivumilia miezi minne, akamtoa.

"Utamfundisha wewe?" Bi Kaniz alimuuliza siku hiyo. "Wewe wa darasa la tano?"

"Mimi, mama."

"Haya. Na mimi kesho nitaanza kurusha ndege."

Bi Kaniz hakusema uongo. Nuzhat alizaliwa Orangi, binti wa mtembeza mboga, na shule ya wasichana ya mtaani kwao iliishia darasa la tano. Alilia wiki nzima, kisha mama yake akamkalisha kwenye cherehani. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na cherehani akaja nayo. Sasa alikuwa akishonea wanawake wa jengo zima, na wao ndio waliomtania ngazini: "Mama Ariba, shule yenu inafungua saa ngapi? Sare ni rangi gani?" Naye aliwajibu kwa upole kwamba sare ni ile atakayopenda mwanafunzi, na mwalimu mkuu kaenda kununua vitunguu.

Kila alfajiri, baada ya swala, alifungua vitabu akasoma somo la siku hiyo kabla mtoto hajaamka, maana mengi yalikuwa mageni kwake. Aliomba dua fupi: Mola wangu, nisimpoteze mtoto kwa ujinga wangu. Saa tatu wakaanza, yeye kwenye cherehani, Ariba sakafuni penye vipande vya vitambaa. Tebo walizisoma kwa mwendo wa sindano. Mama alipokosea, mtoto alisema tu, "Mama, rudi," na mama alirudi. Hakuna aliyecheka. Tebo ya kumi na saba ndiyo iliyomtoa Nuzhat jasho; alirudishwa hapo mara nyingi hata akaichukia, kama mtu anavyolichukia jiwe la mlangoni linalomkwaza kila siku.

Usiku wa Alhamisi hakuswali rakaa zake kwa utulivu. Aliposujudu aliliona begi.

Ijumaa Mwalimu Muzammil aliingia na harufu ya sabuni na vumbi la safari, ndevu zake nyeupe zimechanwa vizuri, kalamu mbili mfukoni. Alimbusu mama yake mkono. Alikohoa, na Sarfaraz, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, msimamizi wa duka la vigae, akashika sikio lake bila kujijua. Nuzhat alitoa salamu kutoka nyuma ya pazia la jikoni, mtandio umeshuka hadi kwenye nyusi.

Hapo ndipo ilipokuwa desturi ya nyumba ile. Mke wa mdogo hazungumzi na kaka mkubwa wa mumewe. Humsalimia, humpikia, chai huipitisha kwa mkono wa mama mkwe. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Ndivyo Nuzhat alivyopokewa, na kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumwambia shemeji huyo neno lililozidi salamu.

Wanaume walikwenda msikitini wakarudi. Biriani ililiwa. Bi Kaniz alimsikitikia mwanawe mkubwa kwamba amekonda, akamwekea mfupa wenye uboho.

"Haya," Mwalimu akasema, akifuta mikono. "Mwiteni."

Ariba alikuja akaketi kwenye mkeka, magoti pamoja. Mwalimu akakaa juu ya kitanda cha mbao cha sebuleni, kile alichokuwa akikalia baba yao. Juu yao feni ilizunguka kwa kelele zake za siku zote.

"Ariba, mwanangu. Unanifahamu mimi?"

Ariba alitazama mkeka.

"Mimi ni baba yako mkubwa. Sina neno nawe. Niambie tu, sita mara saba?"

Nuzhat, kwenye upenyo wa pazia, aliona midomo ya mtoto ikijibana mpaka ikawa myeupe. Aliijua midomo hiyo. Nyuma yake jibu lilikuwepo, limekaa kama maji nyuma ya mlango.

"Sita mara saba," Mwalimu alirudia, sasa kwa sauti ya darasani.

"Kaka," Sarfaraz alisema, "pengine ukimuuliza kidogo kidogo..."

"Nimeuliza sita mara saba, Sarfaraz. Kidogo kuliko hapo ni nini?"

Bi Kaniz akasonya. "Nilisema. Mtoto anasoma jikoni kama paka, mtategemea nini? Atalia kidogo huko kwa baba yake mkubwa, atazoea. Wote tulizoea."

Saa ikagonga tisa. Umeme ukakatika, kama ulivyokatika kila siku saa hiyo, na feni ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama. Sebule ikawa kimya hata mlio wa pikipiki za barabarani ukaingia kama vile ziko chumbani.

"Basi," Mwalimu Muzammil akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka. "Msinione mbaya. Huyu mtoto mmempenda mpaka mmemfungia. Kesho basi linaondoka saa mbili."

Ariba hakulia. Aligeuza macho kutazama pazia.

Nuzhat baadaye alijaribu kukumbuka aliwaza nini, akashindwa. Alilokumbuka ni kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimwambia mtoto, ongea mwanangu, watu hawali watu; na yeye mwenyewe amesimama nyuma ya kitambaa, jibu mdomoni, hana sauti. Alivuta mtandio, akalipita pazia, akaenda kukaa mkekani bega kwa bega na binti yake.

"Kaka Mkubwa," alisema. "Niulize mimi."

Bi Kaniz alishika shavu. Sarfaraz akaanza tena kuipapasa miwani yake.

"Unasema?" Mwalimu hakumtazama; kwa adabu yake, alitazama ukuta.

"Mwalimu wake ni mimi. Kama hajui, kosa ni la aliyemfundisha. Niulize mimi kwanza."

"Mke wa Sarfaraz, mimi sikuja kukupima wewe."

"Najua, Kaka Mkubwa. Nakuomba."

Yule mzee, macho hukohuko ukutani, akauliza: "Treni imetoka Karachi saa moja na dakika arobaini, imefika Hyderabad saa nne na robo. Imekwenda muda gani?"

"Saa mbili na dakika thelathini na tano."

"Gauni moja linakula yadi moja na robo. Magauni kumi na mawili?"

"Yadi kumi na tano." Hilo alilijua hata usingizini, lilikuwa kazi yake.

"Maji ya mtungi yanapoa kwa nini, na jua liko nje?"

"Yanatoka kidogo kidogo kwenye udongo, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto." Akaongeza, "Hilo tulisoma mwezi uliopita. Mimi nilidhani ni baraka tu."

Kitu kilipita usoni mwa Mwalimu, pengine tabasamu, pengine la. Alikuwa ameanza kuuliza haraka sasa, mkono ukipiga goti kama rula. "Kumi na saba mara sita?"

"Mia moja na mbili."

"Mara saba?"

"Mia na kumi na tisa."

"Mara nane?"

Na hapo, pale pale anapojikwaa siku zote, Nuzhat akajikwaa. Angependa leo kusema kwamba alikusudia. Hakukusudia. Kichwa kilikuwa kimejaa joto na woga, akajibu kwa haraka: "Mia na ishirini na sita."

Alijua kabla hajafunga mdomo. Mwalimu alivuta pumzi ya kumrekebisha.

"Mama, rudi."

Ilikuwa sauti ndogo, ndogo sana. Kama feni ingekuwa inazunguka hakuna ambaye angeisikia. Ariba alikuwa akimtazama mama yake peke yake, kana kwamba wako kwenye cherehani na chumbani hamna mtu.

"Kumi mara nane themanini," alinong'ona. "Saba mara nane hamsini na sita. Mama, mia thelathini na sita."

Hakuna aliyesogea. Bi Kaniz alikuwa ameshika kikombe njiani kwenda mdomoni. Nuzhat alitaka kumkumbatia mtoto, akajizuia, maana alijua akimgusa tu sauti ile itakimbia.

"Mia thelathini na sita," alirudia polepole, kama siku zote. "Ahsante."

Mwalimu Muzammil akageuza uso kabisa, akauelekeza ukutani, na swali lililofuata akamuuliza Nuzhat, ingawa Nuzhat alielewa, na Sarfaraz alielewa, na pengine hata Bi Kaniz alielewa, kwamba hakumuuliza yeye.

"Mke wa Sarfaraz. Robo tatu ya ishirini na nne?"

Nuzhat alifunga midomo. Akangoja. Pikipiki mbili zilipita chini.

"Kumi na nane, mama," mtoto akanong'ona.

Wakaenda hivyo, maswali tisa au kumi, mzee akiuliza ukuta na mtoto akimjibu mama yake. Moja alikosa. Mengine alipata. Mara moja mzee alipoanza kugeuka, sauti ilikatika, naye akarudisha uso wake mahali pake bila neno.

Mwishowe alisimama, magoti yakalia. "Nitarudi baada ya mfungo," alisema. "Siku hiyo sitauliza ukuta. Nitamuuliza yeye, ana kwa ana, na mpango wangu uko palepale." Akapangusa kanzu. "Na mwalimu wake aijue kumi na saba mara nane."

"Inshallah, Kaka Mkubwa," Nuzhat akasema.

Jikoni Bi Kaniz alimfuata, akasimama karibu naye, akanong'ona kwa hasira: "Leo umeongea na shemeji yako mkubwa. Uso kwa uso. Mbele yangu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Bi Kaniz alimsogezea kikombe. "Chai yangu imepoa," alisema. "Nipashie. Na weka iliki."

Asubuhi ya Jumamosi Mwalimu aliondoka peke yake. Bi Kaniz alifungua begi jekundu, akatoa zile pakiti mbili za biskuti, akamtilia mwanawe mfukoni. Nuzhat alisimama mlangoni, mtandio usoni, Ariba nyuma yake ameshika gauni la mama. Mzee alishuka ngazi taratibu, mkono ukutani. Alipofika kona ya kwanza, bila kugeuka, akasema kama mtu anayejisemea:

"Mara tisa."

Akangoja. Nuzhat aliuma mdomo. Kwa kweli hakulijua jibu. Hatua zikaanza tena, zikashuka ghorofa nzima, zikawa mbali.

Ndipo Ariba akatoka nyuma ya gauni, akaushika ukingo wa ngazi, akainama. "Mia hamsini na tatu," aliziambia ngazi tupu. Haikuwa sauti ya kupaza, wala haikuwa tena ya kunong'ona.

Chini kule, hatua zilisimama. Kisha zikaendelea kushuka.

Nuzhat alirudi ndani kumaliza kulipangua begi. Sweta aliliacha humo mpaka mwisho, maana mzee alisema atarudi.